Viazi Vikuu vya Bibi Kalolaine

Kila Alhamisi Lesieli huendesha pikapu ya umoja wa akina mama wa kanisa, akiwapelekea chakula wazee wa kisiwani, pembeni mwa mji wa Nuku'alofa, ambao mafiga yao yamezoea kulala baridi.

Kwa Bibi Kalolaine alikuwa na wasiwasi. Ajuza huyo aliishi peke yake, na ingawa kila wiki kikapu chake kilijaa, mwenyewe alizidi kukonda, hata mkeka anaoufunga kiunoni siku za ibada, kama ilivyo desturi ya huko, ukawa unampwaya.

Sababu aliikuta nyumbani kwa mchungaji. Viazi vikuu alivyomchagulia Bibi kwa mkono wake vilikuwa vimepangwa barazani.

"Bibi Kalolaine hatusahau," mke wa mchungaji alisema kwa haya. "Nitamrudishiaje? Ataona nimemtemea mate."

Lesieli alielewa. Mama yake mwenyewe angefanya vivyo hivyo. Kiazi kizuri ni cha mtumishi wa Mungu kwanza. Kumkataza Bibi kutoa kungekuwa kumvua nguo hadharani. Lakini amwache afe njaa kando ya kikapu kilichojaa?

Alhamisi iliyofuata, kabla ya kuwasha gari, alichukua panga akavikata viazi vyote vya Bibi vipande vipande. Samaki nao akawakata vichwa. Chakula kilichokatwa hakipelekwi kwa mkubwa yeyote.

Bibi alipofunua kikapu aling'aka. "Nani kafanya ushenzi huu?"

"Panga liliteleza, Bibi."

"Kwenye kila kiazi? Na samaki je, vichwa wameviacha baharini?"

"Siku yenyewe ilikuwa mbaya tu."

"We mtoto muongo kuliko babu yako, na yule alikuwa bingwa." Alikigeuzageuza kipande kimoja. "Sasa hiki nimpelekee nani?"

"Hakipelekeki, Bibi. Na kikikaa kitaoza."

Bibi alikirudisha kipande kikapuni. Kisha akaanza kucheka, mabega yakimtikisika. "Haya, kuna nazi pale, ikune. Mimi sili na ukuta."

Wakapika kwa tui. Bibi alianza kula kidogokidogo, kama mtu anayeiba, halafu akasogeza sufuria karibu.

"Wiki ijayo niletee kimoja kizima," alisema mdomo umejaa. "Kidogo tu. Nisiende kanisani mikono mitupu."

"Kimoja nitakuletea, Bibi."

Lesieli alimwongezea sahanini, na Bibi hakumzuia mkono.