Siku Tuliyokataa Kukimbia

Miaka michache baada ya uhuru, tulikuwa wasichana wanne wa shule moja huko Giakanja, na hakuna timu iliyotuweza katika mbio za kupokezana vijiti. Kisha baba ya mwenzetu aliyekuwa akitumalizia mbio akamtoa shuleni ili achume kahawa. Mwalimu mkuu hakumtetea. Lakini mashindano ya wilaya yalipofika, alimfuata shambani kwa gari, akamleta uwanjani Nyeri.

"Kimbia leo, jioni nitakurudisha kwenu," alimwambia mbele yetu.

Niliwanong'oneza wenzangu tusikimbie. Tulipoitwa kwenye mstari, tuliketi chini sote wanne.

"Ati mnafanya nini? Simameni!" alifoka.

"Mwalimu, kama anafaa kukimbia kwa jina la shule, anafaa kusoma," nilimjibu, kwa sauti iliyowafikia wazazi waliokuja kutazama.

Jumatatu tulichapwa mbele ya shule nzima. Lakini akina mama waliokuwa uwanjani walimwendea baba ya mwenzetu, na hawakuondoka hadi alipokubali arudi shuleni. Mwenzetu alirudi darasani wiki hiyo. Mwaka uliofuata tulishinda, na mwalimu mkuu akapanda jukwaani kujisifu jinsi anavyopigania elimu ya wasichana. Nikiikumbuka hotuba ile, bado nasaga meno.