Kicheko cha Saa Mbili

Ofisi ilipompunguza kazini baada ya miaka kumi na tisa ya kuchora ramani za majengo, Mzee Rula alipewa mkono wa kwaheri na kompyuta aliyokuwa akiitumia. Walimpa kwa sababu kuitupa kungewachosha. Akaiweka sebuleni, akawa anachorea watu vyumba viwili vitatu, sikio likiwa kwenye simu.

Simu ya ofisini ilikuja mwaka wa pili, saa mbili asubuhi. Aliyepiga ni mkuu mpya wa idara, kijana ambaye Mzee Rula mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi.

"Mzee wangu, nimekutumia mchoro wa jengo la ghorofa tatu. Nataka picha yake, lionekane kama limeshajengwa, kabla ya saa nane. Ukiniletea, mkataba upo. Ila hiyo mashine yako na wewe mmezeeka pamoja, au nakosea?"

Akacheka. Mzee Rula alikwenda na kicheko kile mpaka kwenye kompyuta.

Kompyuta ilikadiria kwamba picha ingechukua saa tano.

"Si zinatosha?" mkewe alimuuliza, akikunja nguo. "Iache ifanye kazi yake."

"Nataka aipate saa nne, mama watoto. Kabla hajamaliza chai."

"Utakuwa umemkomoa nani sasa?"

Aliingia kwenye mipangilio, akaipandisha prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kasi kupita ile iliyotoka nayo kiwandani, na ili isiyumbe akaiongezea umeme. Hakupanda hatua kwa hatua, akipima joto kila mara, kama alivyokuwa akiwafundisha wengine. Alipanda kwa mkupuo mmoja. Picha ilianza kwenda mbio. Baada ya dakika ishirini joto likafika nyuzi tisini na nane, kompyuta ikajizima puu, na picha ikapotea yote.

Alifungua ubavu wa kompyuta, akapuliza vumbi mpaka likamwingia puani. Ikazima tena. Akafuta krimu iliyokauka juu ya prosesa, ile ya kupitishia joto kwenda kwenye kipoza, akapaka mpya. Ikazima. Akaisogezea feni ya mezani.

"Hata mimi hukunipepea hivyo nilipokuwa na homa," mkewe alisema.

Ikazima.

Saa sita na nusu alikubali kile alichokuwa akikijua tangu ilipozima mara ya kwanza: vumbi halikuwa na kosa, wala krimu. Umeme aliouongeza ndio uliokuwa ukiichoma. Akarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Joto likatulia kwenye nyuzi sitini na moja, na ile mashine kuukuu ikaanza upya, taratibu, bila kinyongo.

Saa nane kamili picha ilikuwa na kuta na nusu ya paa. Simu ikaita.

"Usijisumbue, mzee wangu. Tumeshampa mwingine."

Safari hii kijana hakucheka. Alisema kwa upole, na upole ule ulimuuma zaidi.

Mzee Rula hakuizima kompyuta. Alikaa mbele yake mikono mapajani, akiitazama ikipaka rangi dirisha moja baada ya jingine, mpaka ikamaliza saa kumi na moja na nusu. Mkewe akaja akasimama nyuma ya kiti.

"Limependeza. La nani?"

"La watu," alisema, akaifuta picha.