Kizibao cha Marehemu Kilipokuwa Zawadi

Ulikuwa mwezi wa kumi na moja wa kuvaa nyeusi, na nilikuwa nimeshazoea kusema kwa sauti ya chini. Kwetu Morogoro mtu akifa tunalia, tunakaa matanga, siku ya arobaini tunaanua, na mjane anarudi sokoni. Kwa ukoo wa mume wangu, huku Johannesburg, mjane anavaa nyeusi karibu mwaka mzima. Hapazi sauti. Hapeani mkono na watu. Penye mkusanyiko anakaa karibu na mlango na anaondoka wa kwanza. Hakuna aliyeniuliza kama nataka, na ningeulizwa ningekubali, maana sikuwa na jambo lingine la kumfanyia.

Kilichonisumbua sikumwambia mtu. Mume wangu alikuwa hasikii vizuri, na kwa miaka mingi nyumba yetu ya mtaa wa La Rochelle ilikuwa nyumba ya kelele. Chai! Nini? Chai! Weka hapo! Wapangaji wa uani walidhani tunagombana kila siku, na mara moja walituletea mchungaji. Sauti ile sikuitumia kwa mtu mwingine yeyote. Alipokufa nikakatazwa ileile.

Uziwi wenyewe aliutafuta. Ujanani alitoroka kwao akaja Tanzania kujifunza kupigana na makaburu, kama tulivyowaita sisi shuleni. Wakamfundisha bunduki, kisha wakamweka jikoni, na huko jikoni ndiko nilikomkuta. Hakuwahi kumpiga mtu risasi. Tulipohamia kwao, nchi ilikuwa imeshabadilika. Alipofika miaka hamsini na kitu akajiunga na klabu ya kulenga shabaha, ndani ya ukumbi uliofungwa pande zote, na kila Jumamosi akaenda kupiga karatasi bega kwa bega na wazee ambao ujanani walipewa bunduki ili wampige yeye. Nilimwuliza mnaongea nini. Akasema, "Hatuongei. Kule hatusikiani."

Basi mwezi huo wa kumi na moja alikuja wifi yangu, dada yake mkubwa. Yeye huniita makoti, yaani bi harusi, ingawa nina wajukuu watatu. Alitandika blanketi sebuleni akaniambia nitoe nguo za marehemu. Kwao nguo zote huoshwa, hunyunyiziwa maji ya dawa, na hugawiwa ndugu siku ileile mjane anapovuliwa nyeusi. Siku ilikuwa imeshapangwa, Jumapili ya wiki iliyofuata, na mbuzi alikuwa ameshaagizwa. Wifi alizishika nguo moja moja. Alikumbuka hata soksi.

"Kizibao kiko wapi?" akauliza. "Kile cha kaki, chenye mifuko kila mahali."

"Nadhani kiko klabuni."

"Makoti, nguo yake ikibaki nje, wewe unabaki ndani. Mbuzi anaweza kusubiri. Nyeusi hiyo utaendelea nayo."

Sitasema uongo, nilikuwa nimechoka na nyeusi. Joto la mwezi ule lilikuwa linanipika. Jumamosi asubuhi nikafunga kitambaa nikaenda.

Jengo liko kwenye mtaa wa maghala, kati ya duka la vigae na kanisa linalokodi ghala. Sikujua kwamba ilikuwa siku kuu ya klabu. Nje walikuwa wanachoma nyama na soseji, watoto wamepakwa rangi usoni wawe chui, na mama mmoja anauza keki yenye umbo la bastola. Ndani ilikuwa pa, pa, pa, mpaka meno yanagongana. Mimi niliyekatazwa kupaza sauti nilikuwa nimeingia mahali ambapo asiyepiga kelele hayupo.

Nilikiona kabla sijavuka mlango wa pili. Kilikuwa ndani ya kabati la kioo, kimetundikwa vizuri, kimefungwa utepe mwekundu. Chini yake palikuwa na karatasi iliyochapwa: zawadi ya mshindi wa leo, kwa heshima ya mwenzetu.

Mwenyekiti alikuja na mikono wazi. Ni mtu mnene mwenye duka la matairi, na masikioni alikuwa na yale makopo ya kuzuia sauti. Nikamwambia kwa upole kwamba nimefuata kizibao cha mume wangu. Akatikisa kichwa kwa huzuni. Nikasema tena. Akaweka mkono kifuani, akashukuru kwamba nimekuja kushuhudia, akaniletea kiti. Nikakaa, karibu na mlango.

Aliyeniokoa ni msimamizi wa usalama, mwanamume wa Lubumbashi ambaye mume wangu alikuwa akizungumza naye Kiswahili. Alinijua kwa picha.

"Mama, pole sana. Muzee alikuwa muntu muzuri. Unatafuta nini?"

Nikamwambia yote, nyeusi, wifi, mbuzi. Akasikiliza, kisha akamwendea mwenyekiti, akamvua makopo kichwani kwa mikono miwili kama anavyovuliwa mtu sufuria, akamweleza. Nikamwona mwenyekiti anabadilika rangi.

Walikuwa na katiba. Waliileta kwenye faili. Mwenyekiti akanisomea mwenyewe, kidole kikifuata mstari: zawadi ikishatangazwa haiwezi kuondolewa isipokuwa kwa mkutano mkuu, na mkutano mkuu unahitaji wiki tatu za taarifa. Alikuwa karibu kulia. "Mama, tulitaka kumheshimu," akasema. Nilimwamini. Hilo ndilo lililokuwa gumu.

Wakasimama kwenye duara wakazungumza, watu saba, wote wamevaa vizibao vya kaki vyenye mifuko, kwa hiyo ilikuwa kama kumwangalia mume wangu akishauriana na nafsi yake. Msimamizi akarudi.

"Bon. Banasema hivi. Weye utaingia katika mashindano. Bote bataikosa karatasi makusudi. Weye unashinda, unabeba, unaenda kwako."

"Mimi sijawahi kushika bunduki."

"Utaigusa karatasi tu, mama. Inatosha."

"Na nyeusi hii? Mimi sitakiwi kupiga kelele."

Nikampigia simu wifi, nikiwa nimesimama chooni ili anisikie. Akauliza, "Kelele itatoka kinywani mwako au kwenye bunduki?"

"Kwenye bunduki."

"Basi ni ya bunduki. Fanya haraka, na usimshike mtu mkono."

Sikujua kwamba kukosa ni kazi. Watu wale wamejifunza miaka mingi kutokukosa, na siku moja haitoshi kukusahaulisha. Kila mmoja alikuwa na risasi tano. Mwenyekiti alianza, akapiga juu mno, akatoboa dari, na kwa kuwa kutoboa dari kuna faini kwenye katiba ileile, akajiandikia faini papo hapo na kutia sahihi mara mbili, mara kama mkosaji na mara kama mwenyekiti. Aliyefuata akakwepa karatasi yake akapiga ya jirani. Jirani akalalamika kwamba amepewa pointi tisa ambazo hazitaki. Muuguzi mmoja, bingwa wao wa mwaka uliopita, aliinua bastola, akaishusha, akainua tena. "Siwezi," akasema. "Inaniuma." Wenzake wakamtania kwamba afumbe macho afikirie mshahara wa serikali. Akafumba, akakosa zote tano, akaenda kusimama peke yake ukutani.

Zamu yangu msimamizi alinivika makopo juu ya kitambaa cheusi, na dunia ikanyamaza ghafla. Nilielewa kwa nini mume wangu alikuwa anapapenda. Alinipa bunduki ndogo ya wanaoanza, akasimama nyuma yangu bila kunigusa, maana nilishamweleza.

"Mama, fungua macho," akapaza sauti.

Nilikuwa nimeyafumba tangu mwanzo. Nikayafungua nikapiga. Risasi nne hazijulikani zilikokwenda mpaka leo. Ya tano ilichana kona ya karatasi, nje ya duara zote. Walishangilia kama nimemuua simba. Lakini mwenyekiti alikagua kona ile akasema, kwa masikitiko, kwamba nje ya duara ni sifuri. Sote tulikuwa sawa, sifuri kwa sifuri, isipokuwa yule jirani mwenye tisa zake ambazo zilikuwa bado zinajadiliwa.

Akabaki mzee mmoja. Ni kaburu mkubwa, mpana kama mlango, miwani minene, na masikio yamekwisha kabisa. Mume wangu alikuwa akimtaja. Alisema huyo yuko kwenye klabu muda mrefu kuliko wote na hajawahi kushinda hata chupa ya jemu. Analenga katikati, risasi inakwenda pembeni, wiki baada ya wiki, mwaka baada ya mwaka, na hajakasirika hata siku moja. Hakuna aliyeona haja ya kumsisitizia jambo. Lakini aliambiwa, na ni mtu mwema. Ili kunisaidia, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alilenga pembeni.

Karatasi ilirudi kwenye waya wake polepole, ikitikisika. Risasi tano zilikuwa katikati, zimeshikana, unaweza kuzifunika kwa sarafu.

Mzee alivua miwani, akaifuta kwenye shati, akaivaa, akasogea mpaka pua ikagusa karatasi. Halafu uso wake ukafunguka. Nimeona watoto wakifurahi, nimeona maharusi, lakini sijaona mtu mzima akifurahi hivyo. Kisha akaniona mimi na nguo zangu nyeusi, na furaha ikakwama njiani. Ilikuwa haiwezi kurudi ndani wala kutoka.

"Eish," akasema msimamizi.

Mwenyekiti alifungua kabati. Alimpa mzee kizibao kwa sababu katiba ilisema ampe. Mzee akageuka saa hiyohiyo akaninyooshea. Mkono mmoja ulikuwa unanipa. Mwingine ulikuwa umeshika utepe na haukuachia, na sidhani yeye mwenyewe alijua.

Nisiseme kwamba nilikuwa mwema. Nilikasirika. Nilikitaka kizibao kile. Nilifikiria joto na wifi na mbuzi, na nikafikiria pia kwamba hawa watu walikuwa na Jumamosi zake zote, na sasa wana hata nguo yake. Nilinyoosha mkono nikakigusa. Mfuko wa juu ulikuwa na peremende zake, zile za kijani, zimegandamana. Halafu nikakumbuka kwamba mwisho wa yote wifi angekikunja akampa ndugu fulani wa kiume, na ndugu huyo angekiweka kwenye gari la kuzolea mchanga. Nguo zile hazikuwa za kubaki kwangu. Nilitakiwa tu kuzifikisha.

"Ni chako," nikamwambia. Hakusikia. Msimamizi akamwambia kwa nguvu.

"Lakini asikivae kwanza," nikasema. "Akioshe kwa mikono. Akilete kwangu Jumapili ijayo saa tatu, apewe mbele ya watu."

Msimamizi akapeleka maneno. Mzee akatoa kalamu, akageuza karatasi yake ya ushindi, akaandika nyuma yake. Akauliza sabuni gani. Nikamwambia ya mche. Akaandika. Akauliza kama apige pasi. Nikasema apige. Akaandika hilo nalo, akapiga mstari chini yake.

Jumapili alifika saa mbili na nusu, peke yake, akasimama nje ya geti mpaka saa tatu kamili. Kizibao kilikuwa mkononi juu ya hanga ya nguo, kimepigwa pasi mpaka mifuko ina mikunjo kama suruali ya harusi. Peremende alizileta kando, kwenye bahasha. Wifi alizinyunyizia nguo maji ya dawa, na kizibao nacho. Mimi nikaingizwa chumbani nikavuliwa nyeusi, nikavishwa gauni la bluu. Nilipotoka, mgao ulikuwa umeanza. Ndugu walipanga mstari, na yule mzee alikuwa amesimama humo, kati ya binamu wawili, amenyoosha mikono kama wao.

Wifi alifika kwake akasimama. Alimtazama juu mpaka chini. "Makoti, huyu ni nani kwake?"

Nikafikiria nimjibu nini. "Ni huyo aliyekuwa hamsikii kila Jumamosi," nikasema.

Wifi alifikiri. Alikipima kizibao kwa macho, akampima mzee. Mume wangu alikuwa mwembamba. Hata hivyo akampa, na mzee akakivaa palepale, kikaishia mbavuni, mikono imetoka pembeni kama ya mtu anayeogelea. Hakukivua siku nzima. Alikula mbuzi nacho.

Baadaye nilikuwa napitisha chai. Nilifika kwake nikamwuliza, kwa sauti yangu ya miezi kumi na moja, kama anaweka sukari. Akatabasamu, akatikisa kichwa, akaweka mkono kifuani. Nikauliza tena. Akanishukuru kwa kumkaribisha.

"Sukari!" nikasema. "Ngapi?"

Uani mpangaji mmoja alitoa kichwa mlangoni. Wifi alikuwa ameshika kijiko hewani, ananitazama, na mimi nilikuwa nimesimama na birika, nasikia sauti yangu bado iko ukutani.

"Tatu," akasema mzee.