Adabu ya Masanja inakata mtandao

Jamani, leo adabu nusura ituponze.

Masanja, fundi mwenzangu hapa Geita, ametengeneza bodi yake mwenyewe ya kupima maji kwenye tangi la karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Vipimo vinapita kwenye waya wa mtandao hadi kompyuta ya ofisini.

Tukiwa wawili, mtandao unashika vizuri.
Mama Kulwa, mwenye karasha, akiingia tu, unakata.

Tumebadilisha waya. Tumebadilisha swichi. Masanja akaanza kuninong'oneza habari za hirizi. Mtu ana diploma, jamani.

Asubuhi Mama Kulwa akapiga simu: "Nakuja. Mtandao ukikata tena, naita fundi kutoka Mwanza."

Safari hii nikaacha kuangalia bodi, nikamwangalia Masanja.

Alikuwa ameiinamia, kidole gumba juu ya tundu la waya, kama kawaida yake.
Mama Kulwa akaingia.
Masanja akaachia bodi, akasimama, akainama, akampa mikono miwili. "Shikamoo mama."
Mtandao ukakata.

Nikamwambia, rudisha kidole hapo.
Ukarudi.

Mguu mmoja wa lile tundu haukushika risasi ya kulehemu alipouchomea; ulikuwa unagusa bodi ukikandamizwa tu. Muda wote mtandao wetu ulikuwa kidole cha Masanja.

"Kwa hiyo nikija nisisalimiwe?" Mama Kulwa akauliza.

Tukachomea upya. Akatoka nje, akaingia tena kutujaribu.
"Shikamoo mama," akasema Masanja, macho kwenye kompyuta, hapepesi.
Mtandao ukashika.

Mama Kulwa hakuitikia.
"Masanja, mimi niko huku."