Jiwe Jeusi la Mke Mwenza

Mwantumu binti Semboja hakumwonea mke mwenzake Kudra wivu kwa ajili ya mume. Kwamba ni wivu wa mume ndivyo walivyosema wengi pale kijijini, upande wa Handeni karibu na njia panda ya Segera, lakini waliosema hawakumjua. Mwinjuma, mumewe, alikuwa kibarua wa reli, mtu wa kuondoka wakati wa kupanda na kurudi watu wamekwisha vuna. Mwanamke aliyezoea kufunga komeo peke yake hashtuki akiambiwa zamu zitagawanywa. Habari zilipomfikia kwamba mumewe ameoa huko Kahe, reli inakopanda kuelekea mlimani, alifagia nyumba ya pili, akaikandika udongo mpya, akasema, "Aje. Kuni zitapata mchukuzi."

Kilichomkaa kooni ni jiwe.

Mwantumu alizaliwa Mazingara, kwa baba mchonga mawe ya kusagia. Mzee Semboja hakujaliwa mtoto wa kiume, basi tindo na nyundo akamrithisha binti. Alipoolewa, Mwantumu alikuta nyuma ya kijiji cha mumewe kilima chenye mwamba uleule aliouzoea: wa kijivu, wenye milia myeupe na myeusi iliyolaliana kama nguo zilizokunjwa, na ndani yake vipande vinavyometameta juani. Alijua kuutafuta kwa ncha ya kidole mstari ambao mwamba hukubali kupasukia. Akiupata, huwasha moto mrefu juu yake, huumwagia maji ya baridi, kisha hupigilia tindo mpaka mwamba unaachana vipande bapa. Kila bibi harusi wa pale aliingia kwake na jiwe la Mwantumu. Hata kambini kwa wakata mkonge, njia ya Korogwe, walisagia mawe yake. Watu walimwita Mama Mawe, naye akalipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi.

Enzi hizo za Mwingereza, kabla ya vita vya Hitla, Kudra alishuka kwenye gari moshi Korogwe, akaja kwa miguu na mumewe. Nyuma yao mchukuzi alikuwa anahema chini ya gunia. Gunia lilipofunguliwa uani, likatoka jiwe la kusagia, jeusi tititi, limejaa vitundu kama mkate wa kumimina.

"Umebeba jiwe kutoka Kahe kuja kwenye kilima cha mawe?" Mwantumu aliuliza.

"Mama Tatu, ni la mama yangu," Kudra alijibu kwa upole. Tatu ndiye binti wa kwanza wa Mwantumu. "Aliniambia nisiliache."

Mwantumu alicheka, na kicheko hicho alikuja kukijutia. Haukupita muda, jirani yao Justa, mtoto wa watu waliokuja kukata mkonge wakabaki, akaazima jiwe la Kudra kusaga mahindi. Jioni akarudi na ugali kwenye sahani, akauonjesha ua mzima.

"Hauna mchanga," Justa alisema. "Tangu nizaliwe sijala ugali usio na mchanga."

Mwantumu aliutafuna ule ugali polepole, akitafuta chembe moja tu. Hakuipata. Jiwe lake yeye lilikuwa likidondosha vile vimetameta; watu walivila miaka yote bila kulalamika, maana hawakujua kingine. Tena jiwe lake lililainika upesi, likahitaji kugongwagongwa ili lirudishe ukali. Jeusi halikuhitaji kitu. Wanawake wakaanza kupita mbele ya mlango wake na vikapu vyao wakienda mlango wa pili, na kila aliyepita alisalimia kwa adabu iliyozidi, kama mtu anayesalimia msibani.

Wivu ukaingia mwilini kama homa ya vipindi. Akaanza kusema kisimani kwamba jiwe lile limetoka kwenye mlima uliotapika moto, na kitu kilichozaliwa motoni hakina baraka. Wanawake walimsikiliza, wakaitikia, wakaenda kusaga. Alimshtakia Mwinjuma kwamba kelele za kusaga zinamnyima usingizi wa mchana. Mwinjuma, aliyekuwa amekuja kwa likizo fupi, akamkata maini bila kujua.

"Mawe yale ni magumu," alisema. "Kule juu tunayaponda kokoto na kuyatandika chini ya reli. Gari moshi linapita, yanakaa vilevile. Haya ya kwetu yangekuwa unga."

Alipoondoka, Mwantumu alilala na maneno hayo, akaamka nayo.

Siku Kudra alipokwenda mtoni kufua, Mwantumu aliliviringisha lile jiwe hadi jikoni kwake, akaliweka katikati ya mafiga, akalirundikia kuni kavu za mgunga. Alifanya kama afanyavyo kilimani. Aliungojea moto ushike mpaka mafiga yakabadilika rangi, akanyanyua mtungi, akamwaga.

Mvuke ulijaa jiko zima. Kikalia kitu, paa, kama bunduki ya gobori, na Mwantumu akajikuta amekaa chini, damu inamshuka machoni. Mvuke ulipotawanyika akaona jiwe jeusi limekaa majivuni, zima, halina hata ufa. Kilichopasuka kilikuwa figa lake mwenyewe, lililochongwa kutoka mwamba wa kilima chake. Lilikuwa limebanduka tabaka kwa tabaka, na kipande chake kimoja kilikuwa kimemchana kipaji cha uso.

Kudra alimkuta hapo. Aliliangalia jiwe, akauangalia mtungi mtupu, akamwangalia mke mwenzake. Aliweka chini nguo zilizoloa, akachana upande wa kanga yake, akamfunga kichwa.

"Nilikuwa nachemsha maji," Mwantumu alisema.

"Ndiyo, Mama Tatu."

Mwinjuma hakuambiwa, wala Justa. Kudra alilisukuma jiwe lake likarudi mahali pake, akalisugua majivu, kesho yake watu wakasaga. Mwantumu angependa agombezwe. Kusetiriwa na mtu unayemchukia ni mzigo mzito, na kila alipoligusa kovu alimchukia Kudra upya, kwa wema huo sasa.

Kovu lilikuwa limekauka Stefano alipofika. Huyu alikuwa fundi mwashi wa Korogwe, ametumwa kutafuta mawe ya ngazi na sakafu ya zahanati ya shamba moja la mkonge la hukohuko. Ujanani aliwahi kuwabebea mifuko Wazungu wapima miamba, akaokota maneno yao mengi. Aliuliza kijijini nani mwenye mawe mazuri, na watu wakamleta moja kwa moja kwa Kudra. Mwantumu alikuwa akipeta mtama mlangoni kwake. Ungo ukasimama mikononi.

Stefano aliinama, akakipitisha kidole kwenye vitundu. "Hili nalijua. Lilikuwa uji wa moto. Mlima ukautapika, ukapoa haraka, na hewa iliyokuwa ndani ikaacha matundu. Ndiyo maana halilainiki. Tundu moja likisagika, jingine linafunguka chini yake. Jiwe zuri sana."

"Basi lichukue," Mwantumu alisema kutoka pale alipo.

"Halinifai, mama. Nikilipiga tindo litavunjika linavyotaka lenyewe, maana halina njia ndani. Mimi natafuta jiwe la kupasuka bapa." Alisogea, macho yake yakaangukia kizingiti cha jiwe mlangoni kwa Mwantumu. Akachuchumaa. "Hili nani kalipasua?"

"Huyo huyo unayesema naye," Justa alijibu.

Stefano alifuata milia kwa ukucha. "Hili halikuyeyuka kamwe. Zamani lilikuwa jiwe la namna nyingine, likafukiwa chini sana, likapikwa na kubanwa mpaka likageuka. Milia hii ndiyo alama ya kubanwa. Hata lile jeupe wanalochoma chokaa ni ndugu yake, nalo liligeuka hukohuko. Kwa ngazi sitapata zuri kuliko hili. Ila msilitumie kwa mafiga. Maji hujificha kati ya matabaka, na moto ukizidi hulipuka."

Mwantumu alivuta kanga, akafunika kipaji cha uso. Kudra alikuwa amekodolea macho kikapu cha mahindi.

Wiki hiyo Mwantumu alirudi kilimani na wanawake wa kumsaidia, na mikokoteni ya shamba ikaja kuchukua mawe. Ilipaswa iwe furaha tupu. Lakini kilichomganda akilini ni kwamba Stefano alilisifu jeusi kwanza.

Asubuhi moja Kudra alimfuata. Alisimama kando ya moto, mikono kifuani. "Kila siku mnaondoka mkicheka, nabaki na kelele za jiwe," alisema. "Wanakuja kusaga, hawaji kwangu. Nifundishe kupasua."

Mwantumu hakuwa amewahi kufikiri kwamba wivu unaweza kuvuka ua kutoka upande ule. Ulimfurahisha, na furaha hiyo haikuwa nzuri, lakini ilimlegeza. Alimpa nyundo. Alimfundisha kuwasha moto, kumwaga maji, kushika tindo. Kuutafuta mstari hakumfundisha. Kudra akipiga, jiwe linatoka limemeguka pembe, na Mwantumu anasema, "Utazoea." Alimwacha ahangaike hivyo mpaka kazi ikakaribia kwisha. Ndipo siku moja Kudra alipojigonga kidole, akakinyonya, akaendelea. Mwantumu alikishika kidole kilekile, chenye damu, akakilaza juu ya mwamba.

"Hapa," alisema. "Sikia panavyozama."

Zahanati ilipokamilika walikwenda Korogwe kuiona. Watu walikuwa wakipanda na kushuka ngazi pana za milia, na mmoja akauliza nani kazipasua. Stefano akanyoosha mkono. "Wale wawili."

"Kudra alipasua mbili za chini," Mwantumu alisahihisha. "Ile yenye pembe iliyomeguka, na ile ya pili yake."

Kudra alicheka hadi akafuta machozi, na njia nzima ya kurudi Segera alikuwa akiirudia ile sentensi kwa sauti ya Mwantumu.

Waliishi ua mmoja hata baada ya Mwinjuma kufariki. Hawakuwa marafiki, wala Mwantumu hakuacha kuhesabu ni nani aliyesalimiwa kwanza. Kwa miaka alisaga kwenye jiwe jeusi pale tu Kudra alipokuwa shambani, akilifuta vizuri akimaliza. Kudra, akirudi, alikuwa akiukuta unga kidogo kwenye vitundu, anaupuliza, anaendelea na kazi zake.