Mizunguko Niliyoifumua Siku ya Jumatatu

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, wekeni hizo simu chini mnisikilize. Mimi niliacha shule darasa la nne. Haya nimeyaandika kwa mkono wangu kwenye daftari la mjukuu, na nimekataa mtu yeyote aninyooshee hata sentensi moja. Mkiona mahali pamepinda, nimepapinda mimi. Sababu mtaijua mkifika mwisho, kwa hivyo msianze kuniuliza sasa.

Binti yangu anafundisha sanaa chuo kikuu, pale katikati ya mji. Hilo nalisema kanisani, namwambia muuza mboga, na nilimwambia hata fundi wa bomba aliponiuliza kwa nini nyumba imejaa katani. Sioni haya. Nilimsomesha kwa kuuza vyondo, vikapu vyetu vya katani. Nilikuwa nafua nguo za watu Spring Valley, na kutoka steji ya matatu hadi geti la mwajiri nilitembea nikisuka, kiondo kwapani, macho barabarani. Nikifika getini mizunguko mitatu imeingia. Nikirudi jioni, mingine mitatu. Wenye magari walikuwa wananikodolea macho. Waache wakodoe.

Siku hizi ana kazi zake mwenyewe ambazo watu wanaenda kuzitazama. Moja imetundikwa kwenye ukumbi wa idara yao, pana kama mlango wa kanisa, katani tupu. Katani hiyo niliisokota mimi juu ya paja hili mpaka ngozi ikawaka. Siku ya maonyesho nilivaa viatu vya Krismasi nikaenda, nikanyoosha mkono niishike. Mlinzi akanizuia.

"Shosh, hapa hatugusi."

"Hatugusi sisi na nani? Hiyo kamba inanijua kabla wewe hujaota meno."

Alicheka, lakini hakuniruhusu. Niliudhika siku ile. Leo namheshimu sana.

Sasa, chuo kina saa zake za darasa, lakini binti yangu husema kazi ya mkono haifundishiki kwa kengele. Kwa hivyo kila Jumamosi wanafunzi wake wanakuja kwetu, karibu na Dagoretti Corner. Wanajaa uani, huyu anachonga, yule anachora, mwingine amejizungushia nyuzi kama kuku aliyenaswa. Chai ni yangu, na sheria ya viatu ni yangu.

"Shosh, niaje!"

"Niaje ni salamu ya rika lako, si ya bibi. Vua viatu."

Kitu kimoja kilikuwa kinanikera. Binti yangu hashiki kazi ya mwanafunzi. Anapita kati yao ameweka mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule. Anasimama mbele ya mtu, anamuuliza, "Hapa umeona nini?" Mtoto anasema, "Sijui, madam." Anamwambia, "Haya, tazama tena," na anaenda zake! Nilimwita jikoni siku moja.

"Mwalimu gani huyu asiyeshika kazi? Mimi nilikufundisha hivyo?"

"Wewe ulinifundisha kwa kufumua, mami. Nikikosea mzunguko mmoja unafumua kumi."

"Na si ulijua kusuka?"

"Nilijua. Nililia pia."

Nikaendelea kumenya viazi. Niliona ni maneno ya watu waliosoma.

Kati ya hao wanafunzi kulikuwa na msichana wa mwaka wa mwisho, mtoto wa Ukambani kama sisi. Hana maneno mengi. Kazi yake ya mtihani ilikuwa kiondo kimoja kikubwa, kimo chake kinafika kiunoni, cha katani na vitambaa vilivyochanwa kutoka kwa nguo kuukuu. Walimu wangeketi Ijumaa kukihukumu. Kikikataliwa, hamalizi chuo mwaka huo, na kwao hakuna wa kumlipia mwaka mwingine. Chumba chake cha hosteli kina vitanda vinne, kwa hivyo Jumamosi ile alikiacha sebuleni kwetu akaenda nyumbani kumwona mama yake. Angerudi Jumanne kumalizia ukingo.

Jumatatu wote walitoka, nikabaki peke yangu. Nikakizunguka kile kiondo. Chini kimekaa sawa, tumbo limekaa sawa, nikasema huyu mtoto ana mkono. Halafu nikafika juu, karibu na mdomo. Mungu wangu! Mizunguko kumi na minne haina adabu. Mmoja umelegea kidole kinapita, unaofuata umebanwa mpaka unakaba, mwingine umepanda upande. Nikajiambia, huyu atafeli, na mwalimu wake amemtazama tu akiwa na mikono nyuma. Nikaketi, nikafumua yote kumi na minne, nikaisuka upya. Saa tisa nilikuwa nimemaliza. Kilipendeza sana, na siwadanganyi, nilijipikia chai ya tangawizi kujipongeza.

Binti yangu alirudi saa kumi. Alipita kando ya kiondo, akasimama, akarudi nyuma. Akafanya kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya: alikigusa. Alipitisha vidole kwenye mdomo, akafumba macho.

"Mami, huu ni mkono wako."

"Nimemsaidia mtoto. Hapo juu palikuwa pameharibika."

Aliketi chini kwenye zulia na mkoba bado begani. Akanieleza polepole. Mama wa yule msichana, kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani, alikuwa amelazwa ile hospitali kubwa karibu na Upper Hill. Msichana alikuwa anabeba kiondo mgongoni kila siku baada ya darasa, anaketi kwenye benchi nje ya wodi, anasuka akingoja habari. Ile mizunguko kumi na minne ni siku kumi na nne. Siku ambayo daktari hakusema kitu, mzunguko umelegea. Siku ya upasuaji, umekaba.

"Alijua imepinda," binti yangu akasema. "Nilimuuliza ameona nini, akaniambia. Nikamwambia aiache."

Nilielewa, lakini mdomo wangu haujui kunyamaza. Nikamwambia, "Nani atajua?"

"Kuna karatasi natakiwa kuweka sahihi, kwamba kazi yote ni ya mkono wa mwanafunzi. Siweki sahihi hiyo. Mimi najua. Na wewe unajua."

Nilitaka kumkasirikia. Nilishindwa, kwa sababu nilikuwa namtazama mtu niliyemlea mwenyewe.

Msichana alifika Jumanne asubuhi. Nilimngoja mlangoni nikamwambia kabla hajavua viatu, maana habari mbaya sipendi kuipikia chakula kwanza. Alienda moja kwa moja kwenye kiondo. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Shosh, umemfuta mum."

"Nilitaka upite, mwanangu."

"Si ningepita na yangu?"

Binti yangu alisimama pale, mikono nyuma, macho yake yamelowa, akamuuliza lile swali lake. "Umeona nini?" Msichana akachukua makasi, akaanza kufumua kazi yangu, mizunguko yote. Kazi nzuri ile! Nilitazama mpaka mzunguko wa mwisho, nikaona adhabu hiyo inanistahili.

"Nitarudi pale pale kwa benchi," akasema.

Jumatano na Alhamisi nilienda naye, mimi na chupa ya chai. Askari wa hospitali akatuuliza mgonjwa wetu yuko wodi gani.

"Alitoka," msichana akasema.

"Sasa mnataka nini?"

"Kuketi," nikamjibu. "Ama kuketi pia kunataka kadi?"

Akatuacha. Msichana aliketi kwenye benchi lile lile, akaanza. Nilidhani mikono yake itatulia kwa kuwa mama yake amepona. Haikutulia. Machela ilipita na mtu amefunikwa mpaka kidevuni, akavuta uzi kwa nguvu mpaka kidole kikawa cheupe. Mwanamke mmoja aliyekuwa anamngoja mumewe akaja kuketi karibu, wakaanza kuongea, mzunguko ukalegea. Mimi mikono iliniwasha jamani! Niliikalia. Nawaambia ukweli, niliketi juu ya mikono yangu siku mbili, na uzi ulipomponyoka ukabingirika hadi miguuni pangu, sikuuokota mpaka aliponiambia, "Shosh, nisaidie."

Alhamisi jioni alikitazama akasema, "Si kama ile ya kwanza."

"Ile ya kwanza niliiua mimi. Hii ni yako."

Ijumaa nilivaa tena vile viatu vya Krismasi nikaenda chuoni. Binti yangu alikuwa ameandika mambo yote kwenye faili kabla ya kuweka sahihi, lakini mimi nilitaka wayasikie kwa mdomo wangu. Walikuwa walimu watatu na mgeni mmoja kutoka chuo kingine, mzee wa mvi. Nikasimama.

"Mizunguko kumi na minne ilifumuliwa na mimi, mtoto hayupo. Hii mnayoiona ameisuka yeye, nikimtazama. Kama kuna adhabu, yangu iko hapa."

Mzee alikizunguka kiondo. Akamuuliza msichana, "Hapa mkono umebana sana. Kwa nini?"

"Hapo machela ilipita."

Mzee akaandika muda mrefu.

Matokeo yalipotoka, msichana alikuwa amepita, na amepita vizuri. Kiondo chake kimewekwa kwenye ukumbi wa idara, chini ya ile kazi ya binti yangu. Na yule mzee wa mvi ameomba niende niwafundishe wanafunzi kusokota katani pajani. Mimi, wa darasa la nne! Nimekubali. Lakini fahari yangu kubwa si hiyo, ni ya siku ile ya Ijumaa. Nilipokuwa nikiongea mbele ya walimu nilimwona binti yangu amesimama kando ya mwanafunzi wake, mikono nyuma, akimwacha ajibu mwenyewe. Miaka yote nilidhani mikono ile inakwepa kazi, kumbe ndiyo ilikuwa inafanya kazi.

Jioni ya Ijumaa hiyo tulikuwa mezani, binti yangu, wajukuu wangu wawili na msichana anayetusaidia nyumbani. Niligonga meza na kijiko nikawaambia: "Kuanzia leo, katika nyumba hii, kazi ya mtu haiguswi na mwingine, iwe imenyooka au imepinda, iwe kiondo au homuwaki. Ukiona kosa, kaa kando, weka mikono nyuma, uliza. Na mkiniona mimi nimenyoosha mkono, nipigieni kelele mpaka majirani wasikie."