Kwaya Nzima Ndani ya Ambulensi

Laiti ningemkatalia Musyoka siku ile, leo ningekuwa na wajukuu wenye macho ya Tabitha. Naona haya kusimulia, lakini kosa ni langu.

Miaka ya tisini nilikuwa karani wa ambulensi, Parklands. Daktari mmoja mwanamke alitaka kujua virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini vinaeneaje kwa watu wanaojidunga dawa za kulevya, na kwa kuwa wengi hawafiki hospitali mpaka wabebwe, akaniomba ninakili daftari letu: mgonjwa alichukuliwa wapi, katika hali gani, damu ilipopimwa ikaonyesha nini. Majina nisiandike, niweke namba. Namba zikanichanganya (kumi na nne niliirudia mara tatu), ndipo Musyoka, dereva wetu, akasema, "Bwana, weka majina ya watu unaowajua, hutarudia." Nikakubali, nikaandika kwaya yetu ya kanisa la Kilimani vile tunavyosimama, soprano mbele, besi nyuma.

Sikujua daktari angekuja kanisa lilelile kuomba chumba cha kuwapimia watu hao. Mwenyekiti wa wazee alikuwa Mzee Mutua, besi mwenzangu na baba yake Tabitha, ambaye Jumamosi ya wiki hiyo angewapokea wazee wangu wakija kuniposea. Daktari akaja jioni ya mazoezi, akagawa nakala za orodha yangu mbele ya kwaya nzima, akaeleza kwamba majina si ya kweli, karani ndiye aliyeyaweka. Mzee akavaa miwani, akasoma polepole kama anayetangaza ndoa:

"Mutua. Amepatikana chooni karibu na Kenyatta Market, sindano mkononi, ini limevimba."

Mama mmoja wa alto akasema, "Mimi nimeokotwa mtaroni Jumanne. Na Jumanne nilikuwa mazoezini."

"Ni majina tu, mama," nikasema.

Mzee akafuata orodha kwa kidole mpaka chini. "Kijana, besi tuko wanne. Hapa naona watatu. Mzima ni wewe peke yako?"

Hapo ingefaa niombe msamaha, nikae. Badala yake nikatoa kalamu, nikajiongeza mwisho wa orodha, nikamrudishia karatasi. Kwaya ilicheka mpaka viti vikalia. Mzee hakucheka.

Daktari alipewa chumba (Mzee alikuwa mtu wa haki). Mimi niliambiwa wazee wangu wasijisumbue Jumamosi. Tabitha aliolewa na mpiga kinanda, ambaye nilimsahau kwenye orodha kwa sababu yeye hukaa, hasimami. Nami sijaoa hadi leo.